Taarifa ya Uthamini wa Nyumba ya Mkopo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi wa Tanga

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua nyumba Tanga mjini au pembezoni mwake kwa mkopo wa benki, ambaye amekabidhiwa, au ataomba akabidhiwe, nakala ya taarifa ya mthamini. Hesabu zote zilizomo ni za mfano tu na hazionyeshi bei ya mtaa wowote.

Taarifa ya uthamini ni nini, na imeandikwa kwa ajili ya nani?

Ni maoni ya kitaalamu yaliyoandikwa kuhusu thamani ya nyumba na haki ya ardhi iliyo chini yake, katika tarehe maalumu na kwa kusudi maalumu. Kusudi hilo, katika mkopo wa nyumba, ni kuijulisha benki kama mali itakayowekwa rehani inatosha kulinda fedha zake endapo mkopaji atashindwa kulipa. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaolipia kazi hiyo, kisha huichukulia kuwa ni cheti kinachowathibitishia kwamba nyumba ni nzima na bei ni ya haki. Soma ukurasa wa mwanzo na utaona imeandikwa kwa benki, na aghalabu kuna aya inayosema kwamba mtu mwingine asiitegemee. Aya hiyo haikuwekwa kwa kujaza karatasi.

Hata hivyo, taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya mwingine inaweza kukufaa sana ukijua inajibu maswali yapi na inayaacha yapi. Omba nakala, na uiombe kabla ya kusaini barua ya mkopo.

Nani anaruhusiwa kuiandika?

Mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Kwenye ukurasa wa saini tafuta jina lake, namba yake ya usajili na mhuri. Dalali, hata awe anaijua Ngamiani barabara kwa barabara, anaweza kukupa fununu za bei lakini hawezi kukupa uthamini. Benki nyingi huwa na orodha ya wathamini wanaokubalika kwao, kwa hiyo usimlipe mthamini yeyote kabla ya kuuliza kama kazi yake itapokelewa.

Nianze kusoma wapi?

Karibu kila mtu hufungua ukurasa wa mwisho kutafuta tarakimu. Ninashauri tarakimu isubiri. Anza na mambo manne: tarehe ya ukaguzi, utambulisho wa kiwanja, watu waliokutwa ndani ya nyumba, na sehemu inayoeleza masharti na dhana za mthamini.

Tarehe ya ukaguzi ina maana kubwa kwetu watu wa pwani. Mthamini aliyepita mwezi Januari, jua likiwaka, hakuona maji yanavyosimama uani wakati wa masika wala dari linavyovuja. Taarifa yake haitasema uongo, ila itakuwa kimya, na ukimya huo ni rahisi kuusoma kama sifa njema. Ikiwa nyumba iko bondeni, waulize majirani wa pande zote mbili hali inavyokuwa mwezi wa Aprili na Mei.

Utambulisho wa kiwanja ni namba ya kiwanja, kitalu, eneo na ukubwa kwa mita za mraba. Vilinganishe na hati, kisha na ramani iliyoambatanishwa, kisha na ardhi yenyewe kwa kutembea na mwenyeji anayejua mawe ya mipaka yalipo. Mthamini si mpima ardhi. Kwa kawaida huchukua ukubwa ulioandikwa kwenye hati bila kupima upya, na ukuta wa uzio unaweza kuwa umeingia mita mbili kwa jirani tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza. Mimi mwenyewe nimewahi kuona taarifa ambayo namba ya kiwanja ilikuwa sahihi lakini picha zote zilikuwa za nyumba ya pili yake. Aliyeligundua kosa ni muuzaji, baada ya benki kuwa imeshaipitisha.

Watu waliokutwa ndani huandikwa kwa mstari mmoja tu: mwenye nyumba, mpangaji, ndugu. Mstari huo ukitaja mtu usiyemtarajia, uliza anakaa kwa haki gani na atatoka lini.

Dhana ndizo moyo wa taarifa. Mthamini anapoandika kwamba amechukulia kuwa hati ni halali, kwamba hakuna deni juu ya ardhi, kwamba jengo lina kibali cha ujenzi na kwamba sehemu zisizofikika hazina kasoro, anakuambia waziwazi mambo ambayo hakuyathibitisha. Chukua kalamu, ziandike moja moja, na mbele ya kila dhana andika nani atakayeithibitisha: wakili, ofisi ya ardhi, fundi, au wewe mwenyewe.

Kwa nini taarifa ina thamani zaidi ya moja?

Kwa sababu kila tarakimu inajibu swali tofauti. Thamani ya soko ni kiasi kinachokadiriwa kulipwa siku ya uthamini kati ya muuzaji na mnunuzi ambao wote wameridhia, hawana undugu wala shinikizo, wanaijua mali wanayobishania, na mali yenyewe imetangazwa kwa muda wa kutosha. Ondoa sharti moja kati ya hayo na unapata tarakimu nyingine. Ukiondoa muda wa kutosha na hiari ya muuzaji, unapata thamani ya mauzo ya lazima, yaani kiasi ambacho benki inaweza kutarajia ikilazimika kuuza kwa haraka. Hiyo huwa chini, na wanunuzi huiona wakashtuka, wakidhani nyumba yao imedharauliwa.

Haimaanishi kwamba benki ina ruhusa ya kuuza kwa bei yoyote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 133, inamtaka mkopeshaji anayeuza mali ya rehani kutafuta bei bora inayoweza kupatikana kwa kadiri inavyowezekana; na mali ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei za mali zinazofanana nayo sokoni, huchukuliwa kwamba amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo hifadhi nakala yako ya taarifa kwa miaka yote ya mkopo.

Tarakimu ya tatu, ikiwapo, ni ya bima, nayo ni gharama ya kulijenga jengo upya likiteketea. Haihusishi ardhi, kwa kuwa ardhi haiungui.

Mthamini anafikiaje thamani hiyo?

Njia ya kwanza ni ulinganisho: anatafuta nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni katika eneo hilohilo, kisha anarekebisha bei zake kwa tofauti za ukubwa, umri, barabara, maji na aina ya miliki. Ni njia inayoeleweka na kila mtu, lakini inahitaji kumbukumbu za mauzo, na kumbukumbu zetu ni haba. Tena bei iliyoandikwa kwenye mkataba si lazima iwe ile iliyotoka mfukoni, kwa kuwa wapo wanaoipunguza kwenye karatasi ili kodi iwe ndogo. Matokeo yake ni kwamba anayepunguza bei leo anaharibu ushahidi wa thamani ya nyumba ya jirani yake kesho.

Ndiyo maana utaikuta sana njia ya pili, ya gharama pungufu ya uchakavu. Tuseme nyumba ya Kange ina mita za mraba 120, na kuijenga upya kungegharimu shilingi 600,000 kwa kila mita ya mraba. Gharama ya jengo jipya ni shilingi 72,000,000. Mthamini akiona uchakavu ni asilimia 20, anatoa 14,400,000, zinabaki 57,600,000. Anaongeza kiwanja cha mita za mraba 600 kwa 25,000 kila moja, yaani 15,000,000, na uzio pamoja na kisima kwa 5,000,000. Jumla ni 77,600,000, ambayo ataiandika kama 78,000,000.

Katika hesabu hiyo tarakimu inayostahili kuulizwa ni ya uchakavu. Bei ya ujenzi kwa mita inajulikana kwa wakandarasi, bei ya kiwanja inaweza kuulizwa mtaani, lakini asilimia ya uchakavu ni jicho la mthamini, nalo kwenye nyumba ya mita 300 kutoka baharini linapaswa kuwa kali kuliko kwenye nyumba ya Pongwe, iliyo mbali na chumvi ya bahari.

Njia ya tatu huangalia kodi ambayo nyumba inaweza kuingiza. Hutumika zaidi kwa nyumba za biashara au za kupangisha.

Thamani imetoka chini ya bei tuliyokubaliana na muuzaji. Maana yake nini kwangu?

Maana yake ni fedha taslimu zaidi kutoka kwako. Benki hukokotoa mkopo kwa kutumia kiasi kilicho kidogo kati ya bei na thamani. Tuendelee na nyumba ya Kange: mmekubaliana 90,000,000 na benki inakopesha asilimia 80. Ulitarajia mkopo wa 72,000,000 na ukaandaa 18,000,000 zako. Kwa thamani ya 78,000,000, mkopo unakuwa 62,400,000, na wewe unatakiwa kutoa 27,600,000. Pengo ni 9,600,000, na kwa familia nyingi hizo si fedha za kukopa kwa shemeji kwa wiki moja.

Una njia tatu za heshima. Unaweza kurudi kwa muuzaji na taarifa mkononi na kuomba bei ishuke. Unaweza kuziba pengo mwenyewe ikiwa una sababu ya kweli ya kuitaka nyumba ile, kama vile kuwa karibu na mzazi. Au unaweza kuiacha. Njia ya nne, ya kumshawishi mthamini aipandishe tarakimu, haifai kutajwa, ila naitaja kwa kuwa inapendekezwa na watu wa kati kana kwamba ni huduma. Anayefaidika hapo ni muuzaji na dalali; anayebaki na deni kubwa kuliko dhamana ni wewe. Ili kujikinga mapema, mwambie wakili aandike kwenye mkataba wa mauzo kwamba malipo ya awali yatarejeshwa ikiwa mkopo utakwama kwa sababu ya uthamini.

Ikitoka juu ya bei, nimepata faida?

Huenda. Lakini kwanza jiulize kwa nini muuzaji anakubali kupungukiwa.

Taarifa inasema nini kuhusu aina ya miliki, na kwa nini benki inaijali hivyo?

Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na unachonunua ni haki ya kuikalia kwa muda. Hati huweza kutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na taarifa nzuri hueleza ilianza lini na imebakiza miaka mingapi. Piga hesabu mwenyewe: hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 inafikia mwisho mwaka 2031, na mtu anayetaka mkopo wa miaka 15 leo atakuwa bado anadaiwa muda ukiisha. Miliki inaweza kuombewa muda mpya, ila benki itataka jambo hilo lishughulikiwe kabla.

Leseni ya makazi, ambayo hutolewa kwenye maeneo yasiyopangwa, ni ya muda mfupi zaidi, na barua ya toleo, yaani ile ya kumgawia mtu kiwanja kabla hati haijatoka, si hati. Nyumba yenye karatasi za serikali ya mtaa pekee inaweza kuwa nzuri kuliko zote ulizoziona na bado benki isiipokee. Mthamini huandika alichoonyeshwa. Anayethibitisha ni ofisi ya ardhi, kupitia upekuzi rasmi wa rejesta utakaoonyesha jina la mmiliki, rehani nyingine na mazuio. Hapohapo ulizia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, maana malimbikizo hayahami na muuzaji.

Nyumba ninayoitaka iko Ngamiani na ni ya urithi. Kuna la ziada?

Lipo, na ni kubwa. Nyumba za Kiswahili za Ngamiani, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, nyingi zimeshapita mikono ya vizazi viwili au vitatu. Jengo linaweza kuthaminiwa kidogo kwa sababu ya umri wake, huku kiwanja kikibeba sehemu kubwa ya thamani kwa kuwa kiko katikati ya mji. Usishangae basi kuona mthamini ameandika jengo milioni chache na ardhi mara mbili yake.

Shida haiko kwenye tarakimu. Ikiwa hati bado ina jina la marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ni lazima usimamizi huo usajiliwe kwenye hati kabla ya uhamisho kuja kwako. Mtoto wa kwanza si msimamizi kwa kuwa tu ni wa kwanza, na shangazi anayekaa chumba cha uani ana neno lake hata kama hajatajwa kwenye taarifa. Mthamini ataandika kwamba alionyeshwa nyumba na mmoja wa warithi, kisha ataendelea na kazi yake. Wewe usiendelee. Omba barua ya uteuzi ya mahakama, omba warithi wote wasaini ridhaa mbele ya wakili, na uwaulize wazee wa mtaa.

Hata pasipo urithi, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinataka ridhaa ya mwenza kwa rehani ya nyumba ya ndoa. Benki itamtaka mkeo au mumeo asaini, nawe umtake mwenza wa muuzaji asaini mauzo.

Nyumba iko karibu na ufuo, au kando ya barabara kuu. Mthamini atalitazama hilo?

Anapaswa, lakini uzito anaoupa hutofautiana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa bahari, na mtu anayenunua Raskazone, Sahare au Mwambani kwa sababu ya upepo ni bora achukue futi kamba kabla ya kuchukua mkopo. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatambua hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba inayogusa eneo hilo, upande wa Pangani, Horohoro au Segera, inaweza siku moja kukutwa na alama ya X ukutani. Taarifa isipotaja umbali, mwandikie mthamini kupitia benki umuombe autaje.

Je, taarifa itanionyesha kama nyumba ina ubovu?

Itaonyesha unaoonekana kwa mtu anayetembea ndani yake kwa muda usiozidi saa chache. Mthamini hapandi darini, hachimbui msingi, hajaribu nyaya za umeme na hafungui shimo la maji taka. Maneno kama "hali ya wastani" au "inahitaji matengenezo ya kawaida" yanatosha kwa benki inayotaka kujua kama dhamana itauzika, lakini hayatoshi kwa mtu atakayelala humo.

Tanga ina adui mmoja mkubwa kuliko wote, nayo ni chumvi. Hewa ya bahari hula mabati na misumari, lakini hasara kubwa ni ile ya ndani ya zege: chumvi ikifika kwenye nondo, kutu huanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, nondo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Palipotumika mchanga wa baharini ambao haukuoshwa, adui alishaingizwa ndani siku ya kwanza. Dalili zake ni nyufa zinazofuata mstari wa nondo kwenye lenta na nguzo, madoa ya kahawia, na lipu inayotoa sauti ya debe tupu ukiigonga kwa kidole. Nyumba iliyopakwa rangi mpya wiki moja kabla ya ukaguzi inaficha yote hayo isipokuwa hiyo sauti. Basi gonga.

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa ni habari nyingine. Hizo hustahimili vizuri zikipumua, na huharibika pale mwenyewe alipozipiga lipu ngumu ya saruji iliyofungia unyevu ukutani. Angalia pia boriti na kenchi kwa ajili ya mchwa.

Mlipe fundi mwashi na fundi umeme nusu siku kila mmoja. Gharama yao ni ndogo mno ukiilinganisha na marejesho ya mwezi mmoja, na wakikuta kasoro, orodha yao ndiyo hoja yako ya kupunguziwa bei.

Sichukui mkopo wa riba, natumia murabaha. Uthamini unahitajika?

Ndiyo. Katika murabaha benki hununua nyumba na kukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, kwa hiyo nayo hutaka kujua inanunua nini na kwa thamani gani. Kuisoma taarifa ni kulekule.

Naweza kuitumia taarifa hiyohiyo kuhamisha umiliki?

Usilichukulie hivyo. Uthamini hufungwa na kusudi lake: ule wa rehani, ule wa uhamisho wa miliki ambao serikali huutumia kwenye kodi na ushuru, na ule wa fidia kama uliofanyika Chongoleani kupisha bomba la mafuta ghafi, kila mmoja una utaratibu wake na unaweza kutoa tarakimu tofauti kwa mali ileile. Uliza ofisi ya ardhi inahitaji nini kabla ya kulipia mara ya pili.

Nimeona kosa kwenye taarifa. Nifanyeje?

Tenganisha kosa la ukweli na tofauti ya maoni. Kama taarifa inasema vyumba vitatu na viko vinne, au imesahau kisima, au imenakili vibaya namba ya kitalu, andika barua fupi kwa benki ukiambatanisha picha au nakala ya hati, ukiomba mthamini arekebishe na kusaini upya. Kosa la namba ya kiwanja lisiachwe hata kama afisa mikopo atakuambia litarekebishwa baadaye, kwa kuwa namba hiyohiyo ndiyo itakayoingia kwenye hati ya rehani.

Kama ubishi ni juu ya thamani yenyewe, malalamiko matupu hayatasikilizwa. Leta mauzo mawili au matatu ya nyumba zinazofanana mtaani hapo, yenye mikataba inayoonekana, na uombe yazingatiwe. Benki ikikataa, unaweza kuomba mthamini mwingine kutoka kwenye orodha yake, kwa gharama yako, na ukubali mapema kwamba tarakimu ya pili inaweza kuwa chini ya ile ya kwanza.